Useremala wa Nyumbani: Anza na Samani za Watu Wako

Kabati la chipubodi likinyonya maji ya masika, miguu yake hufura, na ikishafura hairudi. Fundi naye hana la kufanya, kwa sababu ndani hamna uzi wa mti wa kuishika skrubu. Mna unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Nyumba zetu nyingi za Pwani zimejaa samani za namna hii, na kila baada ya miaka michache tunazitoa nje tukanunua nyingine. Huku samadari aliyoiacha bibi ingali imesimama chumbani. Wamelala watoto, wakalala wajukuu, na sasa ni zamu ya vitukuu.

Mimi si seremala wa kazi. Nina diploma yangu, nashinda ofisini, na useremala nimejifunza nikiwa mtu mzima, jioni na siku za mapumziko. Nilimkalia fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, nikawa nawatengenezea watu wa nyumbani vitu wanavyovihitaji. Makala haya ni ya yule anayetaka kuanza na hajui aanzie wapi: anunue nini kwanza, achague mbao gani, atengeneze kitu gani, na kwa mpangilio upi. Nia yangu ni kuwa uyaweke, uyarudie kila ufikapo hatua mpya.

Neno langu kubwa ni moja. Usianze na kazi ya kuuza wala ya kuonyesha watu. Anza na kitu kitakachotumiwa kila siku na watu unaokaa nao, kwani miili yao ndiyo vipimo vyako na matumizi yao ndiyo mtihani wako.

Kwa nini nyumbani

Mteja akishachukua meza yake huioni tena. Meza ya nyumbani ikiyumba, utaiona kila mkiketi kula. Droo ikikwama, mke ataivuta kwa nguvu mbele yako, nawe utajua ni upande gani uliobana. Hakuna darasa linalofunza upesi kama hilo.

Pili, kiwanda hakimjui mama yako. Kinatengeneza kiti cha mtu wa kati, asiyekuwa mrefu wala mfupi, asiyeumwa na goti. Wewe unamjua.

Tatu, kazi hii ni yetu. Nyumba za mawe za mwambao zilipimwa kwa mti: dari zilishikwa na boriti za mkoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001, unasifika kwa milango iliyochongwa, na ndani ya makumbusho yake utaviona viti vya enzi vilivyotiwa njumu. Matondoni wangali wanaunda majahazi kwa mkono. Na katika dini yetu ufundi huu una heshima yake: imepokewa katika hadithi sahihi kuwa Nabii Zakariya, amani iwe juu yake, alikuwa seremala.

Vifaa vya kwanza

Usinunue sanduku zima la vifaa. Nunua kifaa pale kazi inapokidai. Vya kuanzia ni hivi:

Futi ya chuma au tepu, penseli iliyochongwa vyema, na skweya ya kupimia pembe. Hivi vitatu ndivyo vinavyotenganisha kazi nyoofu na kazi ya kubahatisha, kwa hiyo usinunue vya rahisi mno.

Msumeno wa mkono wenye meno kama 8 hadi 10 kwa inchi. Msumeno wetu wa kawaida hukata ukisukumwa. Anza kwa kuuvuta nyuma mara mbili tatu juu ya mstari upate njia, kisha ndipo usukume, mkono ukiwa mwepesi. Acha meno yafanye kazi.

Patasi mbili, ya nusu inchi na ya robo tatu, pamoja na nyundo ya mti ya kuzigongea. Nyundo ya chuma hupasua mipini.

Randa moja ya ukubwa wa kati. Isukume kwa kufuata uzi wa mbao. Ukiona inang'oa vipande badala ya kutoa maranda mapana na laini, geuza ubao uanze upande wa pili.

Kekee au drili, bisibisi, msasa wa namba 80, 120 na 180, gundi ya mbao, na klempu mbili. Ukikosa klempu, zungusha kamba kwenye kazi, ingiza kijiti katikati na uisokote hadi ibane. Wazee wamefanya hivyo na kazi zao zingali zipo.

La mwisho ni kinoo, na wengi hulisahau. Patasi mpya ya dukani haijawa kali. Inoe kwa mlalo wa nyuzi 25 hadi 30 mpaka iweze kunyoa vinyweleo vya mkono. Chuma butu hukulazimisha utie nguvu, na mkono uliotia nguvu ndio unaoteleza na kukatwa.

Kuijua mbao

Kwenye yadi utasikia vipimo vya inchi: mbili kwa mbili, nne kwa mbili, sita kwa moja. Huo ni upana na unene, na urefu hulipiwa kwa futi. Kumbuka vipimo hivyo ni vya mbao iliyotoka kwenye msumeno. Ikipigwa randa pande zote hupungua, na sita kwa moja yaweza kubakia inchi tano na nusu kwa robo tatu. Pangia hesabu yako kipimo cha baada ya randa.

Kwa anayeanza, saipresi ndiyo mbao ya kufunzia. Hutoka bara, ni laini, inakatika vizuri na bei yake inavumilika. Paini nayo ni laini, ila hushambuliwa na wadudu, basi iwe imetiwa dawa.

Mwembe unapatikana hapahapa kwetu na una rangi ya kupendeza. Hata hivyo wadudu watoboao mbao huupenda, hivyo ukaushwe na kutiwa dawa mapema. Mfenesi ni mti mzuri zaidi. Rangi yake ya manjano hugeuka hudhurungi kadiri miaka inavyokwenda, na wachongaji wa milango kule Zanzibar wameutumia sana. Mwarobaini ni mchungu kwa wadudu na wafaa kwa vigoda na rafu. Mnazi ni mgumu kwa nje na laini ndani, na hufisha makali ya msumeno haraka. Uache mpaka mkono uzoee.

Mvule, msaji na mbambakofi ni mbao za heshima. Zina bei na zina uzito, na kosa moja juu yake ni hasara. Ziweke kwa mwaka wa pili. Mkoko nao usiukate wala kuununua kienyeji, kwani uvunaji wake unahitaji idhini ya Shirika la Huduma za Misitu. Tangu serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuondoa marufuku hayo mwaka 2023, kila mwenye kununua mbao amejua kwamba jambo hili si la mchezo. Nunua yadi inayotoa risiti.

Mombasa ni mji wa bandari, na paleti za mizigo ni mbao za bei nafuu mno. Kabla ya kuzibeba, tazama muhuri uliochomwa pembeni. Zenye herufi HT zimetibiwa kwa joto, hizo chukua. Zenye herufi MB zimefukizwa kwa dawa ya sumu, hizo usiingize nyumbani. Zisizo na muhuri, au zilizomwagikiwa na kitu, ziache zilipo.

Kisha kuna suala la ukavu. Mbao mbichi ikifanywa kiti leo, baada ya miezi miwili itakuwa imenywea, viungo vimelegea, na ubao umepinda. Kanuni ya mafundi ni kuanika mbao kivulini mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, zikiwa zimepangwa na vijiti katikati upepo upite. Njia nyepesi ya kujua kama mbao yako imekauka ni kukata kipande kidogo na kukipima kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, imekauka kwa hewa ya kwenu.

Na hewa ya kwetu ina mambo. Mbao hupanuka na kunywea kwa upana wake, si kwa urefu. Droo iliyobanana sawasawa wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, itakwama masika ikifika. Kwa hiyo acha nafasi ndogo, kama unene wa sarafu, kwenye kila mlango na droo.

Kupima na kukata

Chagua upande mmoja wa ubao ulio mnyoofu kabisa, utie alama, na vipimo vyote vitoke hapo. Ukipimia upande huu mara hii na upande ule mara ile, tofauti ndogondogo hujumlikana.

Chora mstari kwa skweya pande zote nne za ubao, si juu tu. Kata upande wa nje wa mstari, sehemu ya kutupwa, kwani msumeno nao una unene wake. Vipande vinavyotakiwa kulingana, kama miguu minne, vifunge pamoja uvipime kwa mara moja.

Kujua kama umbo la pembe nne limekaa sawa, pima kutoka pembe hadi pembe inayoikabili, kisha pima zile mbili nyingine. Vipimo viwili vikilingana, kazi iko mraba. Kwa pembe moja, pima 3 upande huu na 4 upande ule. Mshazari ukitoka 5, pembe ni sawa.

Kazi ya kwanza: kibao, kisha marfaa

Mwanzo wa ngoma ni lele. Kata kwanza kibao cha jikoni: ubao mmoja, ncha mbili zilizokatwa mraba, kingo zilizopigwa randa na kusuguliwa. Ni kazi ya jioni moja, na ndani yake umejifunza kupima, kukata, randa na msasa.

Kazi ya pili iwe marfaa ya kuwekea msahafu. Hii nawapendekezea sana wenzangu, kwa sababu ni ndogo, haitumii msumari wala gundi, na inafunza kiungo ambacho ndicho msingi wa useremala wote: ulimi na tundu. Marfaa za kale huchongwa kutoka ubao mmoja na kupasuliwa katikati, jambo linalotaka mkono mkomavu. Hii ya mbao mbili ni nyepesi.

Chukua mbao mbili, kila moja urefu sentimita 40, upana 20, unene 2. Wa kwanza utatoa ulimi: pima sentimita 16 kutoka chini, na sehemu hiyo ya chini uipunguze kwa kukata pande zote mbili, ubakie ulimi wa upana wa sentimita 8 katikati. Sehemu ya juu ibaki na upana wake wote, ili ziwepo bega mbili.

Ubao wa pili utatobolewa tundu. Liwe katikati, upana wake sentimita 8, na urefu wake sawa na unene wa ubao wa kwanza, yaani sentimita 2. Ukingo wa juu wa tundu uwe sentimita 16 kutoka chini. Toboa matundu madogo kwa kekee ndani ya mstari, kisha malizia kwa patasi ukitoka pande zote mbili kuelekea katikati, ili ubao usichanike nyuma. Acha tundu liwe dogo kidogo, kisha ulipanue polepole kwa patasi mpaka ulimi uingie kwa kusukumwa na kiganja.

Ingiza ulimi hadi bega zikae juu ya ubao wa pili. Mbao hizo zitasimama kama msalaba uliolala, na msahafu utakaa juu. Ikitakiwa kuwekwa, unazichomoa tu. Tundu likilegea marfaa italala, likibana sawa itasimama wima miaka. Mtoto akiisomea kila jioni baada ya Maghribi, kazi yako inapimwa kila jioni.

Kigoda, kisha kiti cha mama

Ulimi na tundu ukishaujua, tengeneza kigoda cha jikoni cha kimo cha inchi 9 hivi: miguu minne ya mbili kwa mbili, mbao nne za kuiunganisha chini ya kikalio, na kikalio chenyewe. Unene wa ulimi uwe theluthi moja ya unene wa mbao, na urefu wake inchi moja. Toboa tundu kwanza, kisha kata ulimi ulifuate tundu, kwani ulimi ni rahisi kupunguza. Paka gundi, funga kwa klempu, pima mishazari, na uache hadi kesho yake.

Kigoda kikiyumba, kiweke juu ya meza iliyo sawa, tafuta mguu ulio mrefu, na uupunguze kwa msasa kidogo kidogo. Usikimbilie msumeno. Wengi wameanza na kigoda wakaishia na sahani.

Ukiweza kigoda unaweza kiti, na hapa ndipo nataka nikae kidogo. Mama yangu magoti yamemchoka. Anasali akiwa amekaa, na kwa muda mrefu kila akimaliza sala alikuwa akimwita mtu amshike mkono ainuke. Kiti cha plastiki kilikuwa chini kwake, kinapinda, na kinateleza kwenye vigae. Mtu mzima anayeomba kuinuliwa mara tano kwa siku hupoteza kitu katika nafsi yake, hata kama wanaomwinua ni wanawe.

Nilimpima akiwa amekaa kitako sawasawa, nyayo zikiwa chini: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Juu ya kipimo hicho niliongeza inchi mbili, kwani kikalio kilichoinuka kidogo hupunguza kazi ya goti mtu anapoinuka. Isizidi hapo, nyayo zisije zikaning'inia. Mikono ya kiti niliiweka inchi 9 juu ya kikalio, na nikaitokeza mbele mpaka usawa wa ukingo wa kikalio, ili mtu aweze kuisukumia chini akisimama. Miguu ya nyuma niliilaza kidogo nyuma kiti kisipinduke, na chini ya kila mguu nikatia kipande cha mpira.

Kiti hicho hakina nakshi. Mbao zake ni saipresi, na mtu wa mjini hawezi kusimama kukitazama. Lakini mama anainuka mwenyewe. Ukiwa na mzee nyumbani, nakuomba hiki kiwe kiti chako cha kwanza, kabla ya meza ya runinga na kabla ya kochi la wageni.

Kwa anayetaka vipimo vingine vya kawaida: kikalio cha kiti cha meza ni inchi 17 au 18, meza ya kulia ni inchi 29 au 30, na kiti cha mtoto wa chekechea ni kama inchi 12. Rafu ya ubao wa inchi moja isiachwe zaidi ya futi mbili na nusu bila nguzo, la sivyo vitabu vitaipinda.

Kitanda

Kitanda ndicho chuo kikuu cha anayeanza. Usikiguse mpaka umemaliza kigoda na kiti. Lakini kabla ya mbao, jifunze maneno, kwa maana watoto wetu wengi hawayajui tena.

Mguu wa kitanda huitwa tendegu, na yako matendegu manne. Ubao mrefu wa ubavuni ni mfumbati. Ubao mfupi wa upande wa kichwa na wa miguu ni kitakizo. Vipande vinavyopita chini ya godoro ni chaga. Upande wa kichwa ni mchago, na chini ya kitanda ni mvungu, ule ambao mtaka cha huko sharti ainame. Lugha yenye jina la kila kipande cha kitanda ni lugha ya watu waliokuwa wakitengeneza vitanda vyao. Tukiacha kuvitengeneza, maneno nayo yatabaki kwenye kamusi.

Godoro la mtoto la futi tatu kwa sita ni inchi 36 kwa 72. Nafasi ya ndani ya kitanda iwe inchi 37 kwa 73, shuka ipate pa kuingia. Matendegu yawe ya tatu kwa tatu, mifumbati na vitakizo vya sita kwa mbili. Kitakizo kiungwe na matendegu yake mawili kwa ulimi na tundu na gundi, kisiachane tena. Mifumbati ifungwe kwa bolti, si gundi. Sababu yake mkaazi wa Mji wa Kale anaijua: ngazi zetu ni nyembamba, na kitanda kisichovunjika vipande hakipandi juu wala hakishuki.

Ndani ya kila mfumbati pigilia kipande cha mbili kwa moja kwa skrubu na gundi, kiwe kidari cha chaga. Chaga 13 za tatu kwa moja zitaacha nafasi ya kama inchi mbili na nusu kati yake. Inatosha kwa godoro la sponji, na hewa inapita chini lisiote ukungu wakati wa mvua.

Skrubu na bolti ziwe za kupakwa zinki, au bora zaidi shaba au chuma kisichoshika kutu. Hewa yetu ya chumvi hula misumari ya kawaida, na kutu hutia weusi kwenye mbao.

Kumalizia

Sugua kwa msasa wa 80, kisha 120, kisha 180, daima kwa kufuata uzi. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha ikauke, usugue mara moja zaidi kwa wepesi.

Vanishi hulinda dhidi ya maji na yafaa kwa meza. Paka mikono miwili mitatu myembamba, ukisugua kidogo katikati. Mafuta ya kitani huingia ndani ya mbao na ni rahisi kurudia, yafaa kwa viti na marfaa. Wenye majahazi wao hupaka sifa, mafuta ya papa, lakini hayo yabaki baharini, kwani harufu yake nyumbani hamtaivumilia. Kibao cha jikoni kisipakwe vanishi.

Usalama

Usivae kanzu, kikoi, wala nguo yenye mikono mipana karibu na mashine inayozunguka. Funika macho unapokata na kutoboa. Funika pua unaposugua, hasa mvule na MDF, ambazo vumbi lake hukera mapafu na ngozi. Patasi isukume kutoka kwako, na mkono wa pili uwe nyuma ya makali, si mbele.

Na moja lisilojulikana na wengi: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa pembeni, kinaweza kupata joto chenyewe na kuwaka bila ya mtu kukitia moto. Kitandaze nje peke yake mpaka kikauke kabisa, au kiloweke majini kabla ya kukitupa.

Watoto, na kuendelea mbele

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa miaka saba anaweza kushika tepu, kusoma inchi na kusugua msasa. Wa miaka kumi anaweza kushika msumeno wa mkono ukiwa umesimama naye. Sehemu haziwi ngumu tena kwa mtoto aliyegawanya ubao wa inchi 15 na robo mara tatu. Na nasema watoto, sisemi wana wa kiume tu. Binti yangu ndiye mwenye jicho la mraba nyumbani kwetu, na chaga za kitanda chake alizipima yeye.

Kijana akipenda zaidi, njia ipo. Akamkalie fundi wa mtaani, kwa adabu, akianza na kufagia maranda na kunoa patasi. Vyuo vya ufundi vya vijijini na mijini viko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi, na useremala hufunzwa humo. Mwenye kuujua ufundi hata bila ya kukaa darasani anaweza kufanya mtihani wa daraja wa NITA, akaanza na Daraja la Tatu akapanda hadi la Kwanza. Cheti hicho humsaidia akitafuta kazi, na hakuna anayemuuliza alifunzwa na nani.

Sisi wengine tutabaki maseremala wa nyumbani, na hilo si dogo. Mwaka wako wa kwanza waweza kuwa hivi: kibao, marfaa, kigoda, kiti, rafu, kitanda. Vitu sita, kila kimoja kikikuachia ustadi wa kinachofuata na kifaa kimoja zaidi kwenye sanduku lako.

Kila ukimaliza, pindua kazi yako, na upande wa chini usioonekana uandike kwa penseli: tarehe, aina ya mti, na jina la uliyemtengenezea. Siku moja kiungo kitalegea, na atakayekifungua, pengine ni mjukuu ambaye hajazaliwa, atajua ni mbao gani aitafute na alikuwa ni nani aliyepimiwa.